Chai, neno la herufi nne lililopanda majahazi

Mmisri akitaka chai huagiza shai. Mturuki, Mrusi na Mhindi hulitamka neno hilo karibu sawa na Mswahili. Kwa Mreno na Mjapani ni cha. Mfaransa, Mholanzi na Mjerumani husema te, Mmalawi tiyi, Mzulu itiye. Lugha nyingi za dunia zimegawanyika kambi mbili kwa ajili ya jani moja, na kambi zote mbili chimbuko lake ni China.

Wachina huliandika neno hilo kwa alama moja, lakini hawalitamki namna moja. Kimandarini na Kikantoni husema cha. Katika bandari ya Xiamen, mkoa wa Fujian, watu husema te. Alama yenyewe ilipata umbo lake la sasa enzi za watawala wa Tang, zama zilezile ambapo Lu Yu aliandika kitabu chake mashuhuri kuhusu chai, karibu mwaka 760.

Basi kila taifa liliondoka na matamshi ya yule lililofanya naye biashara. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, ilikutana na wafanyabiashara wa Fujian huko Java, ikabeba te yao na kuisambaza Ulaya Magharibi. Wareno walikuwa wameshaweka makao Macau tangu 1557, wakisikia Kikantoni kila siku, hivyo wao wakashika cha. Misafara ya nchi kavu nayo iliifikisha cha Uajemi, na huko ndiko ilikoongezewa sauti ya i mwishoni. Sauti hiyo ndogo ni ushahidi mkubwa.

Wengi hupenda kufupisha historia hii kwa kusema kwamba te ilisafiri kwa bahari na cha kwa nchi kavu. Pwani ya Afrika Mashariki inaikataa kanuni hiyo. Lamu, Mombasa na Unguja zilipata bidhaa zake za mbali kwa vyombo vya baharini, lakini kikombe cha huko hakijawahi kuitwa te. Vyombo vyenyewe havikuwa vya Waholanzi. Vilikuwa majahazi yaliyofuata pepo za kaskazi kutoka India na Ghuba.

Je, Wareno hawakuhusika? Walikaa Mombasa zaidi ya miaka mia moja, wakaacha meza, leso, mvinyo na gereza. Chai si mali yao, kwani wao wangeacha cha tupu, bila i. Kiarabu sanifu nacho hakina sauti ya ch, na ndiyo maana Kisomali kina shaah na Kiamhari kina shai. Ila lahaja za Kiarabu za Ghuba huitamka ch bila taabu. Mkono ulioileta chai uswahilini ulikuwa wa Bahari ya Hindi, wa Kihindi na Kiajemi, watu waliojuana na wenyeji wa pwani vizazi na vizazi.

Kutoka pwani, neno likapanda bara na i yake: caayi kwa Waganda, icyayi kwa Wanyarwanda, icayi kwa Warundi. Ng'ambo ya eneo hilo mambo hubadilika. Kilingala kina ti. Kimalagasi kina dite, ambayo ni maneno mawili ya Kifaransa yaliyogandana. Mashamba yalikuja baadaye. Majani yalipandwa Limuru mwaka 1903, na miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wakiyajaribu Amani, milima ya Usambara.

Kikombe kilipozoeleka, neno likaanza kuzaa maana nyingine. Kunywa chai asubuhi ni kufungua kinywa, hata kama mezani kuna uji. Vijana wa Tanzania husema "hiyo chai" wakisikia habari ya uongo.

Maana ya tatu ndiyo nzito. Mwananchi akiambiwa "toa ya chai" anajua kwamba haki yake imewekewa bei. Afrika Mashariki haiko peke yake katika hili: India husema chai-pani, Uturuki husema pesa ya chai, na Hong Kong ilikuwa na pesa ya chai waliyotozwa hata wagonjwa hospitalini kabla ya kupewa maji ya kunywa, hali iliyochangia kuundwa kwa tume huru ya kupambana na rushwa mwaka 1974. Kila mahali neno la ukarimu limeazimwa kufunika dhuluma, na anayeumia ni yule asiye na hata ya kununulia majani.

Tanzania iliwahi kwenda mbali zaidi, ikaupa ukarimu wa aina hiyo nafasi katika sheria. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda mahakamani, wakidai kwamba mlango huo unawabagua wagombea maskini na kuhalalisha rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubaliana nao, na vifungu vya takrima vikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba.