Miezi mitatu ya Kifungu cha 27



Katiba ya inchi yetu, ile iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, ina kifungu kifupi ambacho wengi kati yetu tuliorudi hatujakisikia. Kifungu cha 27 kinasema kila Mukongo ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake ao pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Kinaongeza tena kwamba hakuna mutu atashitakiwa juu ya kupeleka ombi kama hilo.

Wazee wetu hawakujua sheria ya namna hiyo. Wakati wa Wabelgiji, kuomba kulikuwa kupimwa. Mwaka 1944, vita vya dunia havijaisha bado, Wakongo waliosoma wa Luluabourg, leo Kananga, waliandikia wakubwa memorandumu wakiomba wasihesabiwe sawa na watu wengine. Tuseme ukweli: hawakuombea kijiji, walijiombea wenyewe. Kiisha vita, serikali ya koloni ilifungua mulango kidogo, lakini kwa sura ya mutihani. 1948 ilileta kadi ya wenye sifa njema, na 1952 ikaleta uandikisho uliomsogeza Mukongo karibu na sheria za Wazungu. Mwenye kuomba alipaswa kujua kusoma na kuandika, kuwa na bibi mumoja, na kuwa bila hukumu. Walimuchunguza mpaka ndani ya nyumba: meza yake, jikoni, na ginsi anavyoishi na bibi yake. Lumumba mwenyewe, karani wa posta kule Stanleyville, alikataliwa kwanza. Alikubaliwa 1954. Miaka sita baadaye alikuwa Waziri Mukuu.

Miaka ya chama kimoja naipita, isipokuwa 1990, wakati Mobutu alizunguka inchi akiuliza watu maoni yao. Walimuletea memorandumu kwa maelfu, na tarehe 24 Aprili akatangaza mwisho wa chama kimoja.

Kiisha vita vyetu wenyewe, ombi letu la kwanza lilikuwa fomu. Mapatano ya Pretoria yalisainiwa Desemba 2002. Kutoka Oktoba 2005 meli zilianza kuvusha wakimbizi kutoka Kigoma mpaka Baraka. Kila familia ilisaini kwamba inarudi kwa hiari yake. Bila sahihi, hakuna meli (waliovuka kwa mitumbwi hawakuuliza mutu). Angalieni tarehe: kura ya kukubali Katiba ilipigwa Desemba 2005. Kwa hiyo wa kwanza wetu walishuka Baraka mbele ya Kifungu cha 27 kuzaliwa.

Ombi la pili lilikuwa shamba, na hapo ndipo wengi wamekwama mpaka leo. Unakuta mwingine analima pale baba yako alilima. Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Leta. Desturi inasema ni wa ukoo. Unaenda kwa shefu, anakutuma kwa teritware, kule wanasema acha barua, pita kesho. Kesho ile inakuwa mwaka.

Zamani aliyepimwa ni mwenye kuomba; sasa sheria inapima mwenye kuombwa. Lakini tusijidanganye: Kifungu cha 27 hakisemi mukubwa akinyamaza atafanywa nini. Hilo ni pengo kubwa, na kwa maoni yangu ndilo linafanya ofisi zizoee kunyamaza. Tena tusichanganye na Kifungu cha 26: kwa kuandamana barabarani, Katiba inadai kujulisha kwa maandishi, haidai kuomba ruhusa.

Kwa barua za shamba, basi, chama chetu kinashauri hivi. Andikeni pamoja, familia zenye shida moja, na mutaje Kifungu cha 27 mustari wa kwanza. Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili inarudi na muhuri, tarehe, na sahihi ya aliyepokea. Miezi mitatu inahesabiwa kutoka tarehe ile. Barua iliyoachwa kwa mulinzi wa mulango haina tarehe.