Bao la Kete katika Unyanyembe

Bao la kete ni mchezo wa akili wa watu wawili, unaochezwa juu ya ubao wenye safu nne za mashimo manane kwa kete 64. Makala hii inauangalia kama unavyojulikana Tabora na Unyanyembe, yaani nchi inayouzunguka mji huo, kwa jumla, na inakaa zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa wengi husimama pembeni ya ubao miaka na miaka wakidhani kwamba bao ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Sheria zake ni chache, na mtu makini huzishika kwa muda mfupi. Kuzitumia vizuri ndiko kunakochukua umri.

Kufika bara

Bao la Waswahili liliingia Unyamwezi kwa njia ya misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo hadi Kazeh, mahali ambapo Waarabu wa Unguja walijenga tembe zao kuanzia miaka ya 1850, katika eneo ambalo leo ni la Tabora. Hapo iligawanyika: tawi moja likaenda Ujiji, jingine Karagwe na Buganda. Wapagazi waliobeba pembe na vitambaa walikuwa Wanyamwezi kwa wingi wao, na kila mwaka maelfu yao walishuka pwani wakapanda tena. Miezi ya kungojea mizigo ilikuwa mirefu, kule pwani na hapa Kazeh, na bao ni mchezo wa watu wanaongoja.

Ushahidi wa maandishi ulio wazi zaidi ni wa Richard Burton, aliyeingia Kazeh pamoja na John Speke tarehe 7 Novemba 1857 na kupokewa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu safari ya maziwa makuu, Burton anaeleza siku ya mwanamume wa Kinyamwezi: akishakula huenda iwanza, ile nyumba ya wanaume ya kijiji, akavuta kiko, akazungumza, na mara nyingine akacheza. Mchezo wa kawaida, kwa maelezo yake, ulikuwa wa kurusha kijiwe bapa au kipande cha chungu na kubashiri kitaangukia upande gani. Waliostaarabika zaidi, anasema, walikuwa wamejifunza bao la pwani, lenye mashimo yaliyochongwa katika ubao mmoja mzima.

Burton alikuwa mwepesi wa kudharau, na ukurasa huohuo ameujaza habari za watu waliocheza kamari hadi wakapoteza mali na uhuru wao. Waandishi waliomfuata walilikariri sana jambo hilo la kamari. Lililo na thamani zaidi ni lile alilolitaja kwa kupita tu: kwamba mwaka 1857 bao lilikuwa limekwisha kuvuka pori la Mgunda Mkali na kukaa barazani mwa Wanyamwezi, zaidi ya miaka hamsini kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912.

Wasukuma, jirani na ndugu wa Wanyamwezi, wana isolo, mchezo wa ubao wa safu nne wenye taratibu zake. Malawi kuna bawo, ambayo inakaribiana mno na bao la Unguja.

Ubao na kete

Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake, ya mbele na ya nyuma. Shimo la tano la safu ya mbele, kwa kuhesabu kutoka mkono wake wa kushoto, huitwa nyumba, na kwenye mbao nyingi huchongwa la mraba ili lijulikane. Mashimo ya mwisho ya safu ya mbele, kushoto na kulia, ni vichwa. Kichwa pamoja na shimo linalokifuata ni kimbi. Pwani kete ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe. Bara hutumika mbegu yoyote ngumu au kokoto. Mninga, unaopatikana katika miombo ya Tabora, hutoa ubao mzuri usiopasuka upesi.

Bao la kujifunza

Anayeanza asipewe bao kamili. Apewe bao la kujifunza, ambalo kila shimo kati ya yote 32 huwekwa kete mbili, na hakuna kete inayobaki mkononi. Wako walimu wanaoiruka hatua hii kwa kuiona ya watoto, nao huwapoteza wanafunzi wao siku ya kwanza.

Mchezaji huchota kete zote za shimo lake moja lenye kete mbili au zaidi, akazisambaza moja moja katika mashimo yanayofuata, kulia au kushoto kama apendavyo, akizunguka katika safu zake mbili tu. Haingii kamwe upande wa mwenzake. Kinachoamua yote ni kete ya mwisho. Ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala na zamu imekwisha. Ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mwenzake linalolikabili nalo lina kete, anakula: anazichukua zile za mwenzake na kuzisambaza upande wake mwenyewe, akianzia kichwani. Ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, anachota kete za shimo hilo lote na kuendelea mbele. Kuna sharti moja linalofaa kukumbukwa mapema: zamu ambayo usambazaji wake wa kwanza haukula hubaki ya kutakata hadi mwisho, na katika zamu hiyo hakuna kula hata kete ziangukie wapi. Tena, panapokuwa na cha kula, kula ni lazima.

Jambo linalowatatiza wengi ni kichwa gani cha kuanzia. Kete zilizoliwa kwenye kimbi cha kushoto huanzia kichwa cha kushoto, na za kimbi cha kulia huanzia kichwa cha kulia, hakuna hiari. Zilizoliwa katika mashimo manne ya katikati hufuata mwelekeo ambao mchezaji alikuwa akienda nao: aliyekuwa akienda kulia huanzia kichwa cha kushoto, na kinyume chake.

Mfano mmoja unaofaa kufanywa kwa mikono, si kwa kusoma tu. Mchezaji wa kwanza achukue kete mbili za shimo la tatu la mbele, akihesabu kutoka kushoto, aende kulia. Moja inaingia la nne, ya pili la tano. La tano lilikuwa na kete na linalolikabili lina kete mbili, kwa hiyo anakula. Mbili hizo zinaanzia kichwa cha kushoto: moja shimo la kwanza, moja la pili. La pili nalo linakabiliana na kete mbili, anakula tena. Kwa kuwa hapo ni kimbi cha kushoto, anarudi kichwa kilekile: moja la kwanza, moja la pili. Safari hii shimo linalokabili la pili limekwisha kuliwa, hakuna kitu. Basi anachota kete zote nne zilizomo katika la pili na kuendelea: la tatu, la nne, la tano, la sita. La sita linakabiliana na kete mbili, anakula mara ya tatu, anaanzia tena kushoto: moja la kwanza, na ya mwisho inaangukia la pili, ambalo sasa ni tupu. Amelala. Kwa zamu moja tu amepata kete sita. Sasa ana 38, mwenzake 26.

Mwanafunzi arudie mfano huo mpaka mkono uende bila kusita, kisha ajaribu kuanzia shimo la nne, la sita na mengine, akitaja kabla ya kugusa ubao kete ya mwisho itaangukia wapi. Zoezi hilo la kutaja kabla ya kugusa linajenga mchezaji kuliko michezo mia ya kubahatisha.

Mshindi ni yule anayeisafisha safu ya mbele ya mwenzake ikabaki bila kete hata moja. Hapo husemwa hamna. Hushinda pia anayemfikisha mwenzake pa kukosa mchezo, yaani mashimo yake yote yaliyo na kitu yana kete moja moja, na kete moja haianzishi zamu.

Namua na mtaji

Bao kamili lina sehemu mbili. Linapoanza, kila mchezaji ana kete sita nyumbani na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba. Kete 22 zilizobaki huzishika mkononi. Sehemu ya kwanza ni namua: kwa kila zamu mchezaji hutia kete moja katika shimo la mbele lenye kete. Likikabiliana na kete za mwenzake, anakula, lisipokabiliana, anatakata. Kwa jinsi kete zilivyopangwa mwanzoni, anayetangulia hana cha kula, hivyo zamu ya kwanza ni ya kutakata siku zote.

Nyumba ndiyo roho ya namua. Kete ya mwisho ya zamu ya kula ikiangukia katika nyumba ambayo haijavunjwa, na hakuna cha kula hapo, mwenye nyumba ana hiari: alale na kuiacha ikusanye, au asafiri, yaani azichote kete zote na kuendelea. Akisafiri mara moja, nyumba inakuwa shimo kama mengine. Wanaoanza husafiri mapema kwa tamaa ya kula. Wazoefu huilisha nyumba yao taratibu huku wakitafuta njia ya kuila ya mwenzao, na nyumba iliyonona ikiliwa mchezo huwa karibu umekwisha. Ushindi unaopatikana kete zikiwa bado mkononi huitwa mkononi, nao ni aibu kubwa kwa aliyeshindwa.

Kete za mkononi zikiisha huanza mtaji, unaochezwa kama bao la kujifunza, isipokuwa shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanzisha zamu ya kula.

Ukubwa wa hesabu yake

Njia za kutawanya kete 64 katika mashimo 32 zinakaribia 1 yenye sifuri 25 nyuma yake. Mchemraba wa rangi uliobuniwa na Ernő Rubik huko Budapest mwaka 1974, ambao vijana wengi sasa huuchukulia kuwa kipimo cha akili, una mipangilio isiyozidi 43,252,003,274,489,856,000, pungufu ya hiyo mara laki mbili na zaidi. Mchemraba una jawabu: mwaka 2010 ilithibitishwa kwa kompyuta kwamba mpangilio wowote hurudishwa kwa mizunguko 20 au pungufu. Anayeujifunza hukariri hatua, safu kwa safu, na akizifuata hakosei. Bao halikaririki hivyo, kwa sababu upande wa pili wa ubao kuna mtu naye anafikiri. Hata hivyo kompyuta imejaribiwa kwenye bao pia: Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht, Uholanzi, walitunga programu ya kulicheza mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Utafiti wa kina zaidi kuhusu mabingwa ni wa Mholanzi Alex de Voogt, uliotoka mwaka 1995 na kufanywa Unguja. Aliwapima mabingwa kwa kuwachezesha bila kuuona ubao. Uwezo wa kufuata kwa kichwa zamu inayozunguka mara nyingi, huku kete za mashimo yote zikibadilika, ni miongoni mwa kazi kubwa za akili zilizowahi kuandikwa Afrika Mashariki, na haujapewa heshima unayostahili.

Hali ya sasa

Bao huchezwa katika mitaa ya Tabora mjini, Isevya ikiwamo, zaidi na wanaume na zaidi jioni. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha St. Mary's mjini humo, alijulikana kuwa mpenzi wa mchezo huu. Mashindano ya bao yamo katika tamasha la utamaduni la Lamu, Kenya.