Enguli, Waragi na Sheria ya Uganda ya Mwaka 1965

Gongo ya Tanzania, chang'aa ya Kenya, waragi ya Uganda na kanyanga ya Rwanda huorodheshwa mara nyingi kama visawe. Kwa upande wa upishi hakuna tatizo: zote ni pombe kali inayopatikana kwa kuchemsha pombe ya kawaida na kukusanya mvuke wake. Kwa upande wa sheria, hata hivyo, majina haya yana historia tofauti. Katika makala haya tunaangalia Uganda, ambako neno moja lilipewa leseni na jingine likabaki kificho.

Tuanze na asili ya neno. Wapo wanaodai kwamba waragi limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "jini ya vita". Sisi tunaona maelezo yenye nguvu zaidi ni ya Kiarabu, araki. Katika Kiarabu cha Sudan sauti q hutamkwa g, hivyo pombe hiyo huitwa aragi. Askari wa Kisudani walioletwa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1890, ambao wazao wao ni Wanubi wa Bombo na kwingineko, ndio wanaoelekea kuleta neno hilo. Enguli, kwa upande wake, ni jina la kienyeji la pombe kali iliyopikwa, hasa kutokana na pombe ya ndizi.

Chini ya ukoloni upishi huo ulikuwa kosa. Mkataba wa St. Germain-en-Laye wa mwaka 1919, ambao Uingereza ilitia saini, ulipiga marufuku utengenezaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Pombe ya ndizi ilivumiliwa. Mvuke wake haukuvumiliwa. Hata hivyo, watu waliendelea kupika.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, serikali ilijaribu njia nyingine. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 haikukataza upishi moja kwa moja, bali ilidai leseni. Mpishi alitakiwa kuuza enguli yake kwa kiwanda kilichoidhinishwa. Huko ilisafishwa, ikatiwa katika chupa na kuuzwa kwa jina la Uganda Waragi. Tanzania ilifuata mkondo unaokaribiana na huo kwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, ilhali Kenya iliamua kupiga chang'aa marufuku kabisa mwaka 1980, na marufuku hiyo ikaondolewa kwa sheria ya mwaka 2010.

Je, sheria ya 1965 ilifaulu? Kwa kiwanda, ndiyo: Uganda Waragi ikawa fahari ya nchi. Kwa mpishi wa kijijini, ambaye mara nyingi ni mwanamke anayetafuta karo ya watoto, leseni ilikuwa mbali na mnunuzi alikuwa jirani. Akaendelea kuuza kwa kificho. Lililo kubwa zaidi ni kwamba kitu kinachouzwa kwa kificho hakina mkaguzi. Mwaka 2010 watu wapatao 80 walikufa kusini-magharibi mwa Uganda, wengi wao katika wilaya ya Kabale, baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Mwaka 2019 serikali ilizuia pombe kali kuuzwa katika vifuko vidogo vya plastiki, kama Tanzania ilivyofanya kwa viroba mwaka 2017.

Aidha, mpaka nao una maana yake. Chupa inayouzwa dukani Kabale ni biashara; kinywaji kilichopikwa kwa namna hiyo hiyo kikivushwa Rwanda kwa jina la kanyanga huhesabiwa miongoni mwa dawa za kulevya, na mbebaji wake hukabiliwa na kifungo.

Kwa muhtasari, visawe vya sokoni si lazima viwe visawe vya mahakamani. Mfasiri anayeandika "gongo" mahali pa "waragi" katika hati ya kesi anaweza kumgeuza mfanyabiashara kuwa mhalifu. Tunawashauri wanafunzi wetu wa tafsiri wayaache majina haya kama yalivyo, na wayaeleze.