Kucha Zilizofichwa Ndani ya Gambuti

Mwaka 1872 meli ya Kiingereza iliyoitwa Thomas Mitchell ilitia nanga Ambriz, pwani ya Angola, ikitokea Brazil. Ilikuwa imepakia mchanga ili isiyumbe baharini, na ndani ya mchanga huo mlikuwa na funza, mdudu ambaye watu wa huku kwetu hawakuwa wakimjua. Wapagazi, askari na wafanyabiashara walimbeba vidoleni mwao wakavuka naye bara zima. Oscar Baumann, Mwaustria aliyechapisha kitabu kuhusu Usambara mwaka 1891, alipozunguka nchi za maziwa makuu mwaka uliofuata alikuta funza amekwisha kumtangulia. Kabla karne haijaisha, mdudu huyo alikuwa amefika Bahari ya Hindi.

Naanza na funza kwa sababu bila yeye ni vigumu kueleza kwa nini babu zetu walihimizwa sana kuvaa viatu. Funza aliingia kwenye nyayo tupu, na minyoo ya safura vilevile. Daktari na mwalimu wakawa na neno moja: vaa viatu uwe na afya, vaa viatu uwe mstaarabu. Kuhusu afya walisema kweli. Ila kiatu nacho kilikuwa na ugonjwa wake, mpole na mkaidi, ambao leo tunauita fangasi wa kucha.

Kuvu anayesababisha sehemu kubwa ya ugonjwa huo anaitwa Trichophyton rubrum. Aliyemweleza kitaalamu, mwaka 1910, ni Aldo Castellani, tabibu wa Kiitaliano. Miaka michache kabla ya hapo Castellani alikuwa Entebbe, Uganda, akichunguza ugonjwa wa malale. Kisha alihamia Ceylon, Sri Lanka ya leo, na huko ndiko alikomkuta kuvu huyu. Wanahistoria wa tiba wanaamini kwamba kuvu huyo aliishi kwa muda mrefu katika nchi za joto za Asia na Afrika Magharibi, na kwamba kwa watu waliotembea pekupeku alionekana zaidi mwilini kama choa. Wageni waliokuja na buti na soksi ndio waliougua miguuni. Waliporudi makwao walirudi naye, na vita viwili vya dunia, pamoja na mamilioni ya askari waliokaa na buti mbichi, vikamsambaza kila mahali.

Sababu yake si fumbo. Kuvu huyu hula keratini, kitu kigumu kinachounda kucha, nywele na ngozi ya juu. Anachohitaji zaidi ya chakula hicho ni joto na unyevu, na kiatu kilichofungwa humpa vyote viwili kutwa nzima. Kwa kawaida huanza kwenye ngozi kati ya vidole, ikawa nyeupe na kuwasha, kisha hupenya chini ya ukucha. Ukucha hugeuka njano au kahawia, huwa mnene, mwishowe humeguka kama mkate mkavu.

Hapo ndipo historia inapofika kwetu Lukozi. Wajerumani walianzisha shamba la majaribio huko Kwai, katika milima hii hii, mwaka 1896, wakajaribu viazi na mazao mengine ya Ulaya. Leo mboga ndizo maisha yetu: kabeji, karoti na viazi hupakiwa kwenye malori kwenda Tanga na Dar es Salaam. Mabonde yanayolimwa mboga yana maji mwaka mzima, na asubuhi zetu zina baridi na ukungu. Bibi yangu alilima mabonde hayo pekupeku. Wanawe wanayalima na gambuti. Mpira hauingizi maji, lakini pia hautoi jasho. Mtu huvaa alfajiri akavua magharibi, na kesho yake huvaa zile zile kabla hazijakauka ndani.

Baba yangu mdogo amekuwa na kucha za aina hiyo kwa miaka mingi. Msikitini huchagua safu ya nyuma kabisa, na akitembelea watu hukaa nje barazani ili asiombwe kuvua viatu. Nilipomuuliza alisema, "Mwanangu, hii si miguu ya kukanyagia mswala wa watu." Huyu ni mtu anayeosha miguu mara tano kwa siku. Watu wanaosema fangasi ni uchafu sijui wangemwambia aoshe mara ngapi. Kinachomponza ni kwamba baada ya udhu hurudisha mguu uliolowa ndani ya mpira.

Dawa nazo zina historia ya taratibu. Mwaka 1907 Arthur Whitfield wa London alieleza mafuta ya kupaka yenye asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki, ambayo bado yanajulikana kwa jina lake. Yanafaa kwa ngozi, lakini ukucha ni ukuta, na mafuta hayaupenyi vya kutosha. Mwaka 1939 Harold Raistrick na wenzake walipata griseofulvini kutoka kwa kuvu mwingine, lakini ilipita karibu miaka 20 kabla J. C. Gentles, mwaka 1958, hajaonyesha kwamba simbilisi wenye choa hupona wakilishwa dawa hiyo. Kwa kucha za miguu ilibidi imezwe mwaka mzima au zaidi, na wengi hawakupona. Terbinafini, iliyoanza kutumika miaka ya 1990, ilipunguza muda huo hadi wiki 12 hivi kwa kidonge kimoja cha miligramu 250 kila siku. Kwa kuwa inaweza kudhuru ini, inahitaji daktari, si muuza duka.

Tena si kila ukucha mbovu una fangasi. Takribani nusu yake huwa na sababu nyingine, kama kugongwa, kubanwa na kiatu au ugonjwa wa ngozi. Kipande cha ukucha kikilainishwa kwa dawa na kutazamwa kwa hadubini, jibu hupatikana. Kwa kanda yetu, wataalamu wa ngozi wamekuwa wakifundishwa Moshi, katika kituo kilichofunguliwa KCMC mwaka 1992. Mwenye kisukari asisubiri, kwa sababu kwake kidonda kidogo mguuni kinaweza kuwa kikubwa.

Baada ya dawa hubaki subira. Kabeji huvunwa baada ya miezi mitatu au minne, lakini ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya wote. Asiyejua hilo huacha dawa akidhani haifanyi kazi.

Kinga yenyewe ni rahisi. Baada ya udhu au kuoga, futa kati ya vidole kwa kitambaa kikavu. Ukiweza, kuwa na jozi mbili za gambuti, moja ikauke juani huku nyingine ikifanya kazi. Badilisha soksi kila siku. Ukitoka shamba, vaa ndala au katambuga ili mguu upate hewa. Kikata kucha kisizunguke nyumba nzima. Fangasi wa kati ya vidole watibiwe mapema, kabla hawajaingia ukuchani.

Na anayeketi safu ya nyuma, mwite mbele.