Njia za Kilimanjaro na Upimaji Uliochelewa

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusoma taarifa ya mradi wa kujenga njia ya watembea kwa miguu ndani ya eneo moja la hifadhi. Tathmini ya athari kwa mazingira ilikuwa na kurasa nyingi, picha za kuvutia na orodha ndefu ya ndege kwa majina ya Kilatini. Sehemu iliyohusu ufuatiliaji wakati wa ujenzi haikuzidi nusu ukurasa. Ilieleza tu kwamba mkandarasi atazingatia mazingira. Nani angempima, kwa kipimo gani, na nani angekuwa na mamlaka ya kumsimamisha, taarifa ilinyamaza. Ukimya huo una historia, na historia hiyo inasomeka vizuri katika Mlima Kilimanjaro.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo mwezi Oktoba 1889, walikuwa wamepandia Marangu, wakitegemea wapagazi na waongozaji walioufahamu msitu. Vijia vya wenyeji vilikuwa vyembamba na vilipitiwa na watu wachache. Mwaka 1912, chini ya utawala wa Wajerumani, njia ya Marangu ilitengenezwa rasmi na vibanda viwili vikajengwa, vikapewa majina ya Bismarck na Peters. Mwaka 1932, enzi za Waingereza, kikafuata kibanda cha Kibo. Ukiitazama kazi hiyo kwa jumla, swali lililoiongoza lilikuwa moja: mgeni atafikaje juu? Swali la pili, yaani maji ya mvua yatashukaje, lilibaki nyuma.

Hata hivyo, hilo la pili ndilo linaloamua hatima ya njia yoyote ya mlimani. Katika ukanda wa msitu, miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hupokea zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Udongo ukivuliwa majani na mizizi, huchukuliwa kwa urahisi. Njia inayoshuka moja kwa moja na mteremko, bila vizuizi vya kuyaelekeza maji pembeni, hugeuka kuwa mfereji. Mfereji ukizidi kuchimbika, wapandaji hukwepa tope na kukanyaga kando, na njia moja huzaa tatu. Juu zaidi, ambako mimea mirefu ya jamii ya Dendrosenecio hukua polepole mno, uharibifu wa msimu mmoja hudumu miaka mingi.

Baada ya uhuru, mlima ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973, ukafunguliwa kwa umma 1977, na ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia 1987. Wapandaji waliongezeka hadi kufikia makumi ya maelfu kwa mwaka, na nyuma ya kila mmoja wao huwapo waongozaji na wapagazi. Mwaka 1991 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilichapisha kitabu kilichohaririwa na William Newmark kuhusu hifadhi ya Kilimanjaro, ambamo athari za utalii katika njia ya Marangu zilichunguzwa. Ilikuwa kazi ya maana, lakini ilikuja karibu miaka 80 baada ya njia kutengenezwa. Baadaye watafiti wa mimea walionyesha jinsi nyasi ngeni ya Poa annua ilivyopanda mlima kandokando ya njia za watalii. Nao pia waliikuta imekwisha kufika.

Sheria yetu imejaribu kuligeuza zamu hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za 2005 zinadai tathmini kabla ya mradi, mpango wa ufuatiliaji, na ukaguzi wa baadaye. Kwa maandishi, mnyororo umekamilika. Kwa vitendo, pingu yake dhaifu ni ile ya katikati: miezi ambayo majembe yako kazini. Cheti kikishatolewa, watu wengi huona kwamba mazingira yamekwisha kushughulikiwa.

Najua hoja ya mtumishi wa umma anayesoma hapa. Bajeti ni finyu, na njia ya miguu ni kitu kidogo. Mwaka 2019, ilipotangazwa kwamba serikali inatafakari kujenga kebo ya kubebea watalii Kilimanjaro, taifa zima lilijadili. Nani atajadili upana wa kijia? Nami sipingi njia kujengwa, kwa kuwa njia iliyochorwa na kujengwa vema ni kinga ya msitu. Ninachodai hakihitaji mitambo ya gharama. Piga picha kutoka alama zilezile kabla ya kazi na kila wiki. Pima upana na kina cha njia kila baada ya umbali uliokubaliwa. Chota maji ya kijito juu na chini ya eneo la kazi baada ya mvua, uone tope limeongezeka kiasi gani. Safisha zana na viatu ili mbegu ngeni zisipande. La msingi kuliko yote, mpimaji asilipwe na mkandarasi, awe na uwezo wa kusimamisha kazi mvua zinapozidi, na takwimu zake zisomwe na mwananchi yeyote.

Tena, wapimaji tunao tayari. Mpagazi anayepita njia ileile mara nyingi kwa mwaka huona jiwe lililong'oka kabla ya mhandisi. Tangu 1889 amebeba mizigo ya wengine, lakini maarifa yake hayajapewa daftari.

Maji yanayotoka mlimani hulisha mifongo ya Wachagga, kisha huteremka hadi Mto Pangani na Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa hiyo udongo unaopotea katika njia iliyojengwa vibaya haumhusu mtalii peke yake. Mwanafunzi au mwanaharakati atakayekutana na mradi wa namna hii asiridhike kuonyeshwa cheti. Aombe vipimo vya wiki iliyopita. Visipokuwapo, ajue kwamba tunarudia kosa la 1912, safari hii tukiwa na sheria mkononi.