Vifo vya Hola na Mjadala wa 1959

Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952 kwa sababu ya Mau Mau, serikali ilijipa uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila ya kumshtaki. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, wakilazimishwa kufanya kazi. Tangazo la kwanza la serikali liliyasingizia maji waliyokunywa! Bunge la Uingereza lilijadili jambo hilo usiku wa kuamkia 28 Julai. Enoch Powell, mbunge wa chama kilichotawala, wala si mtetezi wa Mau Mau, alikataa katakata kwamba haki ya Mwafrika ipimwe kwa mizani nyingine. Akataka wakubwa wawajibike. Hapana aliyeshtakiwa kwa vifo vile.