Ubongo, Hekima na Maikrofoni: Historia Iliyofika Mukuru kwa Njenga

Fungua redio kwenye masafa ya 99.9 ukiwa Korogocho na utaipata Koch FM. Panda matatu hadi Kibera bila kugusa kitu na sauti itakuwa ya Pamoja FM. Ukifika Mukuru kwa Njenga, masafa yayo hayo yatakuletea Ruben FM, inayorusha matangazo kutoka Ruben Centre katika mtaa jirani wa Mukuru kwa Ruben. Stesheni za kijamii za Nairobi hutumia mitambo ya nguvu ndogo. Mawimbi yake hayavuki mbali, na ndiyo maana mitaa kadhaa inaweza kugawana namba moja bila kuzibana sauti.

Hiyo ndiyo sababu ya kiufundi. Sababu ya kihistoria ni ndefu zaidi, na inahusu nani katika jiji hili aliruhusiwa kusema hewani kuhusu akili ya binadamu, wema, ubaya na vitabu, na nani alitakiwa kunyamaza asemwe.

Leo mazungumzo ya namna hiyo hupatikana pia katika podikasti, yaani vipindi vya sauti vya intaneti. Desemba 2006, daktari wa kitengo cha dharura huko Alabama, Marekani, Ginger Campbell, alianzisha kipindi cha kuwaeleza watu wa kawaida sayansi ya ubongo. Aliwahoji watafiti na kuchambua vitabu vyao kwa lugha nyepesi. Mwaka uliofuata, Uingereza, David Edmonds na Nigel Warburton wakaanzisha Philosophy Bites, mahojiano mafupi na wanafalsafa. Hawakuwa na stesheni wala leseni. Na mwaka huohuo wa 2006, vijana wa Korogocho walikuwa wakianzisha Koch FM ndani ya kontena la chuma. Sioni kuwa hizo ni hadithi mbili tofauti. Pande zote mbili kulikuwa na watu waliochoka kungoja mtu mwingine awasemee.

Kungoja huko kulianza zamani. Nairobi ilianza kusikika hewani mwaka 1928. Matangazo hayo yalikuwa ya Kiingereza, na wasikilizaji waliokusudiwa walikuwa walowezi. Vipindi vya lugha za Kiafrika vilikuja na Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikuwa na askari wengi Waafrika vitani na familia zao nyumbani zilitaka habari. Mwafrika alisogezwa karibu na redio ili asikilize.

Miaka hiyohiyo, jiji lilikuwa na sayansi yake ya ubongo, na haikuwa sayansi ya kujivunia. Katika maabara ya utafiti wa tiba ya Nairobi, daktari F. W. Vint alipima uzito na tabaka za ubongo wa maiti za Waafrika, na mwaka 1934 akachapisha matokeo yaliyodai kwamba ubongo huo ni duni ukilinganishwa na wa Mzungu. Baada yake akaja J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipokabidhiwa wadhifa huo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo Mwafrika mzima wa afya alifananishwa na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya Kenya ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau, akizieleza hasira za watu walionyang'anywa ardhi kana kwamba ni hitilafu ya nafsi.

Aliyemjibu kwa ukali kuliko wote hakuwa Mkenya. Frantz Fanon, daktari wa akili na mwanafalsafa kutoka Martinique aliyefanya kazi Algeria, alimtaja Carothers waziwazi katika kitabu chake cha mwisho, mwaka 1961, na kueleza jinsi sayansi ya namna hiyo ilivyokuwa chombo cha utawala. Mimi huona kwamba kila anayetaka kuzungumza kuhusu ubongo mbele ya maikrofoni Nairobi angepaswa kuanzia hapo. Waliolala kwenye meza ya Vint na waliofungiwa wodi za Mathari hawakuulizwa lolote. Maneno yote kuhusu akili zao yalitoka kwa watu wengine, yakachapishwa kwa lugha ambayo wengi wao hawakuisoma.

Uhuru ulileta Sauti ya Kenya mwaka 1964, na hapo ndipo falsafa ya kila siku ilipopata kiti chake hewani. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, alijiunga na stesheni hiyo mwaka huo. Mwaka 1966 akaanzisha Je, Huu ni Ungwana? Alisimulia kisa cha maisha ya kawaida: mgeni asiyebisha hodi, jirani asiyejali wenzake, abiria anayesukuma wazee. Kisha akamwachia msikilizaji swali. Hakuita kazi yake falsafa ya maadili, lakini ndiyo hasa iliyokuwa. Kipindi kiliishi zaidi ya nusu karne, na mtangazaji wake alipofariki Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84, vizazi vitatu vilikuwa na sauti yake masikioni.

Hata hivyo, mlango wa studio ulikuwa na mlinzi. Agosti 1, 1982, wanajeshi waasi walimlazimisha Mbotela huyohuyo kutangaza kwamba serikali imepinduliwa, kwa kuwa kila mtu alijua kuwa mwenye redio ndiye mwenye nchi. Kwa miongo mitatu baada ya uhuru serikali ilishikilia hewa peke yake. Redio ya kwanza ya binafsi ya masafa ya FM, Capital FM, ilisikika mwaka 1996.

Aliyeupita mlango huo kwa njia ya pembeni alikuwa profesa mwenye kinasa sauti. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alianza mwaka 1974 mradi wa kuwahoji wazee wenye hekima vijijini. Wasomi wengi wa siku hizo walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana falsafa. Odera Oruka hakubishana nao maktabani. Yeye na wenzake walikwenda kwa wazee, wakawasha mashine na kuuliza: Mungu ni nini? Haki ni nini? Je, mwanamke ni sawa na mwanamume? Alitofautisha mzee anayekariri tu yaliyosemwa na jamii yake na yule anayeyapima, akayakubali au akayakataa kwa hoja zake mwenyewe.

Paul Mbuya Akoko alikuwa wa kundi hilo la pili. Alisema Nyasaye wa Wajaluo na Mungu wa Wazungu ni mmoja, kisha akatoa sababu: maumbile yanafuata utaratibu mmoja kila mahali, na kama miungu ingekuwa mingi yenye nguvu sawa, ulimwengu ungevurugika. Msikilizaji anaweza kuikubali hoja hiyo au kuipinga. Muhimu ni kwamba ni hoja, na imetolewa kwa mdomo na mzee aliyeketi nyumbani kwake mbele ya kaseti inayozunguka. Kwangu, rekodi zile ni mababu halali wa kila podikasti ya falsafa katika Afrika Mashariki. Lakini umma ulikuja kuzijua kupitia kitabu cha Kiingereza kilichochapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1990. Odera Oruka alifariki Desemba 1995 baada ya kugongwa na gari Nairobi.

Kaseti, kama chombo, iliendelea na kazi kwingine. Mawaidha ya mashehe wa Mombasa na mahubiri ya wachungaji wa Nairobi yalizunguka mkono kwa mkono, yakanakiliwa, yakachezwa madukani na kwenye matatu. Katika vibanda vya sinema vya mitaa ya mabanda, DJ Afro akawa anazisimulia filamu za kigeni kwa lugha ya mtaani, akisimamisha kisa aeleze nani ni nani na kwa nini anafanya anachofanya. Wasomi wachache wangemhesabu miongoni mwa walimu. Mimi namhesabu, kwa sababu alithibitisha kwamba simulizi ngumu ya ng'ambo huweza kumkaa mtu akilini endapo itasimuliwa kwa sauti na lugha yake.

Mukuru kwa Njenga imekulia ndani ya historia hiyo. Iko kusini mashariki mwa jiji, kandokando ya Eneo la Viwanda, na wakazi wake wa mwanzo wengi walikuwa vibarua. Jina la kijiji chake kimoja, Sisal, linakumbusha mashamba ya mkonge. Vijiji vingine ni Vietnam, Riara, Milimani na Wapewape. Miaka ya 1980 na 1990 ardhi iliyokaliwa na watu iligawiwa kampuni na watu binafsi, na mgogoro huo haujaisha. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, lenye kaya takriban laki moja. Miaka minne baadaye, mwishoni mwa mwaka 2021, matingatinga yalibomoa maelfu ya nyumba za Mukuru kwa Njenga kupisha barabara.

Asubuhi na mapema, maelfu hutoka kwa miguu kuelekea viwandani na wengine kwenda kufua nguo katika mitaa ya jirani. Macho na mikono yao ina kazi mchana kutwa. Masikio ndiyo yaliyo huru. Mtu anayefunga maboksi kwa saa kumi hawezi kufungua kitabu, lakini anaweza kusikiliza sura nzima. Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaodhani kwamba mazungumzo ya ubongo na falsafa ni ya watu wa mitaa ya kitajiri kama Kilimani na Lavington. Kibarua wa zamu ya usiku anaihitaji sayansi ya usingizi kuliko profesa. Aliyebomolewa nyumba ana maswali ya haki yenye kina sawa na yale ya Odera Oruka.

Sheria ya mawasiliano iliyotiwa saini Januari 2009 ilizitambua stesheni za kijamii kama kundi lake lenyewe. Julai mwaka huo kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi Mombasa na intaneti ya kasi ikaanza kushuka bei. Februari 2010 likaja jarida la katuni la Shujaaz, lililoandikwa kwa Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, ambalo shujaa wake DJ Boyie ni kijana aliyejitengenezea redio ya siri chumbani. Lilisambazwa bure. Ilikuwa hadithi ya kubuni, lakini iliwaambia vijana wa mitaa kama Mukuru kwamba studio inaweza kuwa chumba unacholala.

Podikasti za Nairobi zikafuata. Brenda Wambui, katika Otherwise?, alichambua siasa na fikra. Kevin Mwachiro, katika Nipe Story, akazipa sauti hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika. Adelle Onyango alianza Legally Clueless mwaka 2019, akizungumza wazi kuhusu majeraha ya nafsi, na baadaye kipindi hicho kikasikika redioni pia. Kwa msikilizaji wa Mukuru, ninayoithamini zaidi ni Until Everyone Is Free, ambamo Stoneface Bombaa wa Mathare na April Zhu wanasimulia kwa Sheng maisha ya Pio Gama Pinto, mwanahabari na mwanasiasa aliyeuawa Nairobi Februari 24, 1965. Historia nzito na fikra za usawa zinaingia kwenye lugha ya baze, yaani kijiweni, bila kupunguzwa uzito. Wale wanaosema Sheng haiwezi kubeba falsafa wasikilize kipindi hiki kwanza.

Kinachobaki ni bei. Kipindi cha saa moja kilichobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29, na kikirekodiwa kwa kilobiti 128 hufika 58. Wenye studio nyingi hawaufikirii mzigo huo, lakini kwa anayenunua bando la siku, au anayeomba mkopo wa salio wa Okoa Jahazi kwanza, ni tofauti ya kusikiliza na kuacha. Kabambe, yaani rununu ya bei nafuu, yenye redio haihitaji bando. Kwa hiyo sioni FM kuwa mambo ya zamani yanayosubiri kufa. Mukuru inahitaji kipindi kitangazwe kwenye 99.9 jioni, kisha faili yake ndogo izunguke kwenye WhatsApp na memori kadi kwa yule aliyekuwa kazini.

Mada ya kwanza ya kipindi hicho ningependa iwe madini ya risasi. Hupatikana katika betri kuukuu za magari na katika rangi za zamani, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na kinachodhurika ni ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, kutulia, kukumbuka. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia sumu kijiji kizima. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo, mtoto wake akaugua, na madaktari wakatibu maradhi mengine kabla ya kipimo cha damu kuonyesha risasi. Alipigana hadi Julai 2020 mahakama ilipoamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Omido alikuwa na elimu na ajira ya ofisi, na bado ilibidi ajifunze kwa mwili wa mwanawe. Mama wa Sisal au Vietnam, anayelea mtoto karibu na ukuta wa kiwanda, anastahili kuyasikia hayo mapema, kwa Kiswahili au Sheng, kutoka kwa mtangazaji anayeweza kumpata mtaani kesho yake na kumuuliza swali.